Aliyetoka Jela Ana Kura. Mpeni Kipande Chake

Kila uchaguzi ukikaribia, huku Garissa swali hili hurudi barazani na kwenye vibanda vya chai: mtu aliyefungwa, akitoka, ana ruhusa ya kupiga kura? Wengi watakwambia hapana, tena kwa uhakika kabisa, kama watu waliosoma mahali. "Ukishafungwa, kura imekwisha." Na yule aliyefungwa, akisikia hivyo mara mbili tatu, anakubali. Siku ya kura anabaki nyumbani.

Wamekosea wote. Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 kinamtaka mpigakura awe raia aliye mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Basi. Wizi wa mbuzi haumo. Bangi haimo. Sukari ya magendo haimo. Hata mauaji hayamo. Kosa pekee linalomnyang'anya Mkenya kura yake ni lile la kuchezea kura yenyewe, kama kununua na kuhonga. Na wanaonunua kura tunawajua. Hawalali Gereza la Garissa, wanapita na magari ya vioo vyeusi na sisi tunawapungia mikono.

Tena sheria ya Kenya imekwenda mbali zaidi. Hata aliye ndani bado ana kura. Mwaka 2010, kabla ya kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti, mahakama maalumu ya migogoro ya katiba iliamua kwamba wafungwa wapige kura, na wakapiga. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki hiyo wanayo hata katika uchaguzi mkuu, lakini muda ulikuwa umebana na uchaguzi ukawapita. Mwaka 2017 na 2022 masanduku yaliingia magerezani, kwa kura ya rais peke yake. Mwaka 2022 wafungwa waliosajiliwa nchi nzima walikuwa 7,483, katika magereza yenye makumi ya maelfu ya watu.

Kwa hiyo sina haja ya kubishana na anayeuliza kama mtu aliyetoka jela astahili kura. Kenya ilishamaliza ubishi huo. Ninachosema ni kwamba haki iliyoandikwa Nairobi inakufa kwenye dirisha la usajili wa watu huku Kaskazini Mashariki, na serikali inajua vizuri inafia wapi. Dirisha hilo ni la kitambulisho. Bila kitambulisho au pasipoti hakuna karani wa IEBC atakayekuandika kwenye daftari. Kipande ndicho mlango, na kwa mtu aliyetoka jela Garissa mlango huo umefungwa kwa makufuli mawili: moja la jela, moja la kuwa mtu wa huku.

Tuanze na kufuli la jela. Tuseme yuko kijana wa mfano tu, wa Bula Iftin. Alikamatwa akiwa na miaka kumi na tisa, akahukumiwa miaka minne. Siku ya kukamatwa kipande chake kilichukuliwa pamoja na simu na mkanda. Kikapita kituo cha polisi, kikapita kortini, kikapita gerezani, na mahali fulani kati ya meza hizo kikapotea. Akitoka anaambiwa aripoti kimepotea, apate abstrakti ya polisi. Maana yake ni kwamba mtu aliyetoka jela asubuhi aende kwa hiari yake kituo cha polisi mchana, aeleze alikuwa wapi. Kisha aende kwa msajili na ada ya kuchukua kingine, mtu ambaye nauli ya kufika nyumbani alichangiwa. Kisha angoje. Na akirudi kuuliza, ataambiwa wimbo tunaoujua sote: mtambo uko chini, rudi kesho.

Huyo ndiye mwenye bahati, kwa sababu angalau jina lake limo kwenye mtambo. Mwenzake aliyeingia kabla ya kuchukua kipande cha kwanza hali yake ni mbaya zaidi. Ana miaka ishirini na nne, ishirini na sita, na sasa ndiyo mara ya kwanza anaomba. Swali la kwanza la afisa: "Siku hizo zote ulikuwa wapi?" Jibu la kweli ni jela. Jibu hilo, katika mkoa huu, huzaa maswali mengine kumi.

Hapo ndipo kufuli la pili linapoingia, na ili kulielewa lazima turudi nyuma kidogo.

Wazee wetu wakipanda basi kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya. Watu wa kule hucheka wakisikia, lakini maneno hayo yana historia. Mwaka 1926 wakoloni waliifanya NFD kuwa eneo lililofungwa: huingii wala hutoki bila kibali. Uchaguzi wa Mei 1963, uliomweka Jomo Kenyatta madarakani, Wasomali wengi wa NFD waliususia kwa sababu walitaka kuungana na Somalia. Desemba mwaka huo huo, wiki chache baada ya uhuru, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari huku kwetu. Iliondolewa mwaka 1991. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 28 ambayo mkoa mzima uliishi kama mtu aliyeachiliwa kwa masharti. Mabara wakapata sheria, sisi tukapata amri.

Halafu ikaja Novemba 1989. Wasomali wa Kenya wenye vitambulisho halali waliambiwa wajipange upya wathibitishe kuwa wao ni Wakenya, na waliofaulu wakapewa kadi nyingine ya rangi ya waridi juu ya kile cha kwanza. Mkenya wa Nyeri alikuwa na kipande kimoja, Mkenya wa Garissa akawa na viwili na bado hakuaminika. Baada ya hapo utaratibu wa kuchujwa ukabaki: kamati za wazee, machifu na watu wa usalama, ukae mbele yao utaje babu wa babu yako, na siku ya kamati isipofika kwenu, usubiri mwaka mwingine.

Februari 2025 Rais Ruto alikuja huku na kutangaza kwamba mchujo huo wa ziada umekwisha. Watu walishangilia, na nchi nzima ikaingia kwenye ubishi mkali kama sisi tunastahili kutendewa kama wengine. Sawa, tangazo lilikuwa jambo jema. Lakini tangazo la rais linaondoa kamati tu. Haliondoi tabia ya afisa aliyezoea kwa miaka thelathini kwamba mtu wa huku ni mgeni mpaka athibitishe vingine. Na tabia hiyo itamwangukia nani kwanza? Haitamwangukia mtoto wa mwalimu aliyezaliwa hospitalini na ana cheti cha kuzaliwa. Itamwangukia asiye na karatasi, asiye na mjomba ofisini, na aliyetoka jela.

Usisahau pia wale wa daftari la wakimbizi. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991. Ukame ulipouma, familia za Kikenya za Fafi, Lagdera na Dadaab ziliingia kambini na kuandikishwa ili zipate mgao wa chakula. Mtoto aliyewekewa kidole kwenye mashine akiwa na miaka sita ili nyumbani wapate unga, alipofika miaka kumi na minane mtambo ukasema: huyu ni mkimbizi. Mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu Garissa iliwapa haki walalamikaji waliopeleka jambo hilo kortini, lakini wenzao walio katika hali hiyo ni maelfu.

Sasa unganisha vipande hivi uone duara lilivyo. Kijana Mkenya ambaye mtambo unamwita mkimbizi anapanda basi kwenda kutafuta kibarua. Daraja la Tana, abiria wote washuke, toa kipande. Hana. Anashtakiwa kuwa nje ya kambi bila ruhusa, au kuwa nchini bila kibali. Anafungwa. Akitoka ana rekodi ya jinai, na rekodi hiyo inakuwa sababu nyingine ya kumtilia shaka anapoomba kipande. Alifungwa kwa kukosa kadi, na sasa anakosa kadi kwa sababu alifungwa. Hii si kesi ya mtu aliyevunja sheria na kulipia. Hapa nchi imemfunga mtu wake kwa kosa la ofisi zake yenyewe, halafu ikamwambia hana sauti ya kulalamika.

Matokeo yake yako kwenye daftari. Mwaka 2022 kaunti ya Garissa ilikuwa na wapigakura 201,473 waliosajiliwa, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353. Hiyo ni kama mtu mmoja kati ya wanne. Nchi nzima walikuwa wapigakura milioni 22.1 kwa watu milioni 47.6, karibu mmoja kati ya wawili. Najua hesabu ya sensa ya huku inabishaniwa, na najua nusu ya watu wetu ni watoto. Punguza utakavyo, pengo bado litabaki. Waliotoka jela ni sehemu ndogo ya pengo hilo, lakini wao ndio wanaoonyesha limetengenezwa vipi, kwa sababu kila kikwazo kinachomgusa mtu wa huku kinawagusa wao mara mbili.

Najua majibu ninayopewa. Nitayajibu moja moja.

La kwanza: wezi watachagua wezi. Hii husemwa na watu ambao hawajawahi kukaa hata wiki moja mahabusu. Hebu niulize: viongozi waliotajwa kwenye kashfa za nchi hii, moja baada ya nyingine, walichaguliwa na nani? Waliochaguliwa na wafungwa ni wepi? Watu wema wasio na rekodi yoyote, waliovaa suti na kanzu safi, ndio waliopanga foleni kuwachagua. Mtu aliyekula ugali wa jela miaka minne anajua mambo ya serikali ambayo wewe huyajui. Anajua hakimu asiyesikiliza, polisi anayeuza dhamana, hospitali ya gereza isiyo na dawa. Kura yake ina habari ambayo kura yako haina.

La pili ni zito zaidi, na silipuuzi: usalama. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Hakuna familia katika mji huu ambayo haikuguswa na siku ile, kwa msiba au kwa msako uliofuata. Anayesema tuwe waangalifu nani anapata kadi ya Kenya ana haki ya kusikilizwa. Lakini kumbuka serikali ilifanya nini mwezi ule ule: iliwatangazia msamaha vijana waliokuwa wamejiunga na al-Shabaab wajisalimishe warudi nyumbani. Yaani serikali yenyewe ilielewa kwamba mtu aliyepotea hurudishwa kwa kupewa mahali pa kusimama. Anarudi vipi bila kipande? Bila kipande hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, haajiriwi, havuki daraja. Mnamwacha kwenye vichaka mlivyosema atoke. Tena kumsajili mtu ni kumjua: jina lake, alama zake za vidole, wadi yake. Asiyesajiliwa ndiye asiyeonekana. Mtu wa usalama mwenye akili angetaka kila aliyetoka jela awe na kadi kabla hajafika stendi.

La tatu husemwa na wazee wetu, nami nitalijibu kwa heshima: kura ya nini, koo zimeshakubaliana. Ni kweli. Tangu 2013 mabaraza ya koo hukaa na kugawana viti kabla ya siku ya uchaguzi, kiti hiki cha fulani, kile cha fulani. Mapatano hayo yamezuia damu mahali pengine, sikatai. Lakini wazee, ninyi ndio mnaojua zaidi kuliko Nairobi kwamba kosa lina mwisho. Katika xeer, mtu akiua, ukoo wake hulipa mag, ngamia mia kwa mwanamume. Wakipokelewa, neno limefungwa. Hakuna mtu anayeruhusiwa kumnyooshea kidole yule muuaji kisimani miaka kumi baadaye. Akimtaja kwa kosa lile, yeye ndiye mwenye makosa. Basi iweje mtu aliyelipa serikali kwa miaka ya maisha yake aendelee kudaiwa? Mila yetu inajua kufunga hesabu. Serikali ndiyo haijajifunza.

Na tusijifanye kwamba nchi hii haijawahi kumpokea mfungwa. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria Aprili 1953 na kufungwa Lokitaung, huku huku kaskazini, kwa sababu kwa mkoloni kaskazini yote ilikuwa gereza zuri. Alipoachiliwa Agosti 1961 sheria ilimzuia kuingia kwenye baraza la kutunga sheria kwa sababu ya kifungo chake. Kilichofuata? Sheria ikabadilishwa, mbunge mmoja akamwachia kiti, na mwanzoni mwa 1962 mfungwa wa jana akawa mheshimiwa. Mwaka uliofuata akawa waziri mkuu. Kwa mtu mmoja mkubwa, sheria ilipindishwa mpaka ikalingana naye. Kijana wa Bula Iftin hahitaji hata sheria ibadilishwe. Anahitaji karani mmoja na mashine ya vidole.

Wenzetu nao wametufundisha jinsi haki inavyoibwa baada ya kushinda. Uganda mwaka 2020 na Tanzania mwishoni mwa 2022, Mahakama Kuu zilisema mfungwa ana haki ya kupiga kura. Hukumu ni mwanzo tu, sisi wa 2013 tunajua. Marekani, jimbo la Florida, Novemba 2018 karibu asilimia 65 ya wapigakura walikubali waliomaliza vifungo warudishiwe kura, zaidi ya watu milioni moja. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria: kwanza lipa faini na gharama zote za korti. Maskini akabaki nje. Kule wametumia deni, huku tunatumia kipande. Ujanja ni ule ule wa kutoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa wa kushoto.

Nini kifanyike? Hakuna hata moja ninalotaka ambalo linahitaji bunge jipya.

Moja, kipande cha mtu akikamatwa kiandikwe kwenye orodha ya mali zake, na afisa wa gereza akirudishe siku ya kutoka dhidi ya sahihi. Kikipotea mikononi mwa serikali, serikali itoe kingine bure, bila abstrakti wala safari za polisi. Aliyekipoteza si yeye.

Mbili, msajili wa watu aingie Gereza la Garissa, la Wajir na la Mandera kwa ratiba inayojulikana, ahudumie kila aliyebakiza miezi michache. Mfungwa tayari amechukuliwa alama za vidole, anajulikana jina la baba na kijiji. Hakuna raia rahisi kumsajili kuliko yeye. Kama mnaweza kumhesabu asubuhi na jioni, mnaweza kumpiga picha.

Tatu, IEBC wamwandike katika wadi yake ya nyumbani, au wamhamishe siku anayotoka. Sheria inamtaka mtu apige kura pale alipojiandikisha. Mfungwa aliyejiandikisha ndani, akitoka bila kuhamisha jina, kura yake imebaki nyuma ya ukuta. Mnataka arudi gerezani siku ya uchaguzi abishe hodi? Tena hiyo kura ya ndani yenyewe imfikie mbunge, gavana na MCA. Hela za kisima cha kijiji chake haziamuliwi Ikulu.

Nne, waambieni. Kwa Kiswahili na kwa Kisomali, kwa maneno yaliyobandikwa lango la gereza na kutangazwa redioni: ukitoka, kura yako ni yako. Kuamini kwamba huna haki kunamzuia mtu vizuri kuliko askari.

Hayo yote yameshaamrishwa. Kifungu cha 83, ibara ya tatu, kinasema mipango ya usajili na uchaguzi ipangwe kumwezesha raia kupiga kura, isiwe ya kumnyima. Kwa hiyo afisa anayemzungusha mtu aliyetoka jela anavunja Katiba, na wabunge wetu wa Kaskazini Mashariki wanaonyamaza wanamsaidia. Waheshimiwa, mnapokuja kwenye mazishi na harusi zetu mnatuambia mnapigania vitambulisho. Nendeni basi lango la gereza asubuhi moja bila kamera, mhesabu wangapi wanatoka na wangapi wana kadi mfukoni. Mtuletee hesabu hiyo barazani.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kati ya leo na siku hiyo, kila wiki kuna mtu anatoka katika magereza haya matatu akiwa amemaliza adhabu aliyopewa na hakimu. Hakuna hakimu aliyemhukumu kukosa kura. Ofisi inayomnyima imejipa ukubwa wa mahakama, na inapaswa kujibu kwa nini.